Geneva ni Mbali, Lakini Kuna Njia: Haki za Wahamiaji na Wakimbizi Mbele ya Mataifa



Kuna swali ambalo linanifuata karibu kila mkutano wa kikundi ninaohudhuria. Redio husema haki za wahamiaji zimejadiliwa Geneva. Haya basi. Mama ameketi hapa kwenye benchi, binti yake alikwenda Arabuni kufanya kazi ya nyumba, pesa ya safari ilitoka kwenye chama chetu, na sasa ni miezi kadhaa simu yake haishiki. Ajenti naye amefunga ofisi. Hiyo Geneva itamsaidia nini huyu mama?

Swali ni zuri na sitaki kulijibu kwa maneno matamu. Geneva haina polisi. Hakuna gari litakalotumwa kwenda kumtoa msichana kwenye nyumba ya tajiri Riyadh. Lakini si kweli pia kwamba ni mazungumzo matupu. Kuna kesi zilizotoka kwa watu wa kawaida kama sisi, zikafika mbele ya mataifa, na serikali ikalazimika kubadilisha mambo. Moja ya kesi hizo inawahusu majirani zetu hapa Kisumu, nayo ndiyo nitaanza nayo.

Kabla ya hapo tuelewane juu ya majina. Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi kwa kuhofia maisha yake. Mhamiaji ni mtu aliyekwenda nchi nyingine, mara nyingi kutafuta kazi. Aliyefukuzwa kwake lakini hakuvuka mpaka tunamwita mkimbizi wa ndani. Sheria za hawa watatu si moja, na ukichanganya majina kwenye barua, barua inaweza kurudishwa. Lakini hapa kwetu tunajua kwamba wote watatu wanaweza kulala chini ya bati moja. Januari 2008 wengi wetu tulipokea ndugu waliokimbia kutoka Naivasha, Nakuru na Kericho. Baadaye serikali ilihesabu watu 663,921 waliohamishwa na ghasia zile, na kati yao 313,921 hawakuwahi kuingia kambini. Waliingia kwa jamaa zao, kama walivyoingia kwetu. Nitawarudia.

WANUBI NA KIPANDE

Nani hajui Kibos? Wanubi wanaokaa pale, na wale wa Kibra kule Nairobi, ni wajukuu na vitukuu vya askari waliotolewa Sudan na Waingereza kuja kutumika katika jeshi la mkoloni. Vita vilipokwisha hawakurudishwa kwao. Walikaa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Uhuru ulipokuja 1963, serikali mpya ikaendelea kuwaona wageni.

Ubaya wake ulionekana kijana akifika miaka 18. Mtoto wa Mjaluo au Mkikuyu akienda kuomba kipande alijaza fomu, akapiga alama za vidole, akangoja. Mtoto wa Mnubi aliitwa mbele ya kamati ya kuchunguzwa, akaulizwa babu yake alizaliwa wapi, akaambiwa alete karatasi za babu. Wengine walingoja miaka. Na ninyi mnajua maisha bila kipande: hakuna kazi ya maana, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura, na polisi akikusimamisha usiku una kesi.

Mwaka 2003 Wanubi walikwenda Mahakama Kuu ya Kenya. Kesi ikakaa. Miaka ikapita bila kusikilizwa kwa kiini chake. Wakiwa na wanasheria wa mashirika mawili ya haki, wakatoka nje ya nchi kwa njia mbili. Moja ilikwenda kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Banjul, nchi ya Gambia. Ya pili, mwaka 2009, ilikwenda kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, kwa niaba ya watoto wa Kinubi peke yao.

Hapa ndipo kuna somo kubwa kwa vikundi vyetu. Sheria ya Afrika inasema usilete kesi kwetu kabla hujamaliza mahakama za nyumbani. Ni sawa na kwetu: huwezi kumruka mzee wa kijiji na asistanti chifu ukaenda moja kwa moja kwa kamishna. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kama mahakama za nyumbani zinachelewa kupita kiasi, mlango unafunguliwa. Kamati ikaona kwamba zaidi ya miaka sita ni mingi mno kwa mtoto. Mtu mzima akingoja miaka sita anabaki mtu mzima. Mtoto akingoja miaka sita utoto wake umekwisha. Kwa hiyo ikaipokea kesi.

Tarehe 22 Machi 2011 Kamati ilitoa uamuzi. Ulikuwa uamuzi wake wa kwanza kabisa juu ya malalamiko tangu iundwe. Ilisema Kenya imevunja haki ya watoto hao kuandikishwa wanapozaliwa na kuwa na uraia, na imewabagua. Ikaenda mbele zaidi: kwa kuwa watu hawa hawakuhesabiwa kama raia, maeneo yao yalinyimwa shule na zahanati sawa na wengine, na huo pia ni uvunjaji wa haki. Serikali ikaambiwa ibadilishe sheria na utaratibu, iwashauri wenyewe, na irudi kutoa ripoti. Mwaka 2015 Tume ya Banjul nayo ikatoa uamuzi wake kwa Wanubi wote, juu ya uraia na juu ya ardhi ya Kibra, na ikasema watu wasifukuzwe kwa nguvu bila kufuata taratibu za haki.

Matokeo? Nitasema yote, mazuri na mabaya. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibra hati ya ardhi ya ekari 288. Ni kidogo sana ukilinganisha na ardhi waliyopewa babu zao, lakini ni hati, na kabla ya hapo hapakuwa na karatasi yoyote. Kwa upande mwingine, Februari 2021, miaka sita baada ya uamuzi wa Banjul, nyumba za Wanubi wa hapa Kibos zilibomolewa usiku kupisha reli. Familia zilibaki nje na magodoro. Kwa hiyo mtu akikwambia ukishinda Banjul mambo yamekwisha, mwambie aende Kibos.

Hata hivyo, kesi ile ilifungua macho ya wengine. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, nao wakapewa vipande. Washona walifuata kuanzia Desemba 2020, na Wapemba wa pwani mwaka 2023. Wao walifanikiwa bila uamuzi wa Banjul juu yao. Lakini wanasheria waliokuwa nyuma yao walikuwa tayari na hoja zilizokwisha kupita mbele ya Afrika, na serikali ilijua hivyo.

MILANGO ILIYOPO

Wengi wanachanganya Arusha. Kuna mahakama mbili pale. Moja ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mkenya wa kawaida hawezi kuiingia moja kwa moja, kwa sababu Kenya haijatoa tamko la kuruhusu jambo hilo. Waogieki wa Mau walishinda pale tarehe 26 Mei 2017, lakini walifika kwa mgongo wa Tume ya Banjul, ambayo iliwapelekea kesi. Nyingine ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hii inapokea mtu yeyote anayeishi katika nchi za jumuiya, na haidai umalize mahakama za nyumbani kwanza. Ila ina ukali wake: lazima upeleke kesi ndani ya miezi miwili tangu jambo lifanyike au tangu ulijue. Miezi miwili! Vikundi vingi vinatumia miezi miwili kukubaliana nani awe katibu. Kama raia wa Uganda au Tanzania anayefanya biashara hapa Kisumu amefukuzwa nchini bila kusikilizwa, huo ni mlango wake, na lazima akimbie.

Kwa Banjul, mtu yeyote au kikundi chochote kinaweza kuandika, na hakuna ada. Mkataba wa Afrika, katika kifungu cha 12, unalinda haki ya kutembea na kukaa, haki ya kutafuta hifadhi ukiteswa, na unakataza kufukuza wageni kwa makundi. Masharti ya barua yako katika kifungu cha 56. Mbali na lile la mahakama za nyumbani, kuna mawili ambayo watu wetu huyaangukia. La kwanza, barua isiwe na matusi kwa serikali. Ukiandika kwamba waziri ni mwizi na mbwa, barua inatupwa hata kama binti yako kweli ameteswa. La pili, isitegemee habari za magazeti peke yake. Lazima kuwe na ushahidi wenu wenyewe. Jina lako ni lazima uliandike, lakini unaweza kuomba lifichwe.

Geneva sasa. Huko ndiko zinakokaa kamati za Umoja wa Mataifa, kila moja na mkataba wake. Kwa mikataba kadhaa raia anaweza kupeleka malalamiko yake binafsi, lakini tu kama nchi yake imekubali mlango huo. Kenya iliridhia mkataba wa haki za kiraia na kisiasa mwaka 1972, ila mlango wa malalamiko ya mtu binafsi haikuufungua. Basi msipoteze stempu huko. Kuna mkataba maalum wa wafanyakazi wahamiaji na familia zao, uliopitishwa tarehe 18 Desemba 1990, na ndiyo maana tarehe hiyo ni siku ya wahamiaji duniani. Uganda ilijiunga 1995. Kenya haijajiunga, na hakuna hata nchi moja ya Ghuba iliyojiunga. Zile nchi zinazopokea mabinti zetu ndizo zinazoukwepa! Mjumbe wa bunge akija kuomba kura, muulizeni juu ya mkataba huu badala ya kumuuliza juu ya fulana.

Lakini milango miwili ya Geneva iko wazi hata kwa kikundi cha Awasi. Wa kwanza ni ile zamu ya kila nchi kuhojiwa na nchi nyingine juu ya haki za binadamu. Kenya imehojiwa 2010, 2015, 2020 na 2025. Kabla ya kila zamu vikundi vya raia hupeleka maelezo yao. Kikundi kimoja kinaruhusiwa maneno 2,815, na vikundi vilivyoungana maneno 5,630. Si mengi, kwa hiyo hotuba hazina nafasi. Vikundi kumi vya Nyando vikiungana na shirika linalojua kazi hii, mambo yao yanaweza kuingia katika karatasi inayosomwa na mabalozi.

Wa pili ni waandishi maalum wa Umoja wa Mataifa. Yuko mmoja wa haki za wahamiaji tangu mwaka 1999, yuko wa biashara ya kuuza watu, yuko wa wakimbizi wa ndani. Hawa hawangojei nchi iridhie mkataba, wala hawadai umalize mahakama. Unatuma maelezo, wakiona yana uzito wanaiandikia serikali barua. Serikali hupewa siku 60 kujibu, kisha barua na jibu huwekwa wazi kwa dunia. Waandishi hawa pia hutembelea nchi. Chaloka Beyani, aliyekuwa wa wakimbizi wa ndani, alikuja Kenya Septemba 2011 na akazungumza pia juu ya wale ambao hawakukaa kambini, wale ndugu zetu 313,921. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya wakimbizi wa ndani, na sheria hiyo haisemi kwamba lazima uwe umelala kwenye hema. Pesa yenyewe ni hadithi nyingine, na wengi pande hizi bado wanaisubiri.

BINTI ALIYE GHUBA

Turudi kwa yule mama. Wizara ya Mambo ya Nje iliwahi kuwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikufa Saudi Arabia: 3 mwaka 2019, 48 mwaka 2020 na 38 mwaka 2021. Wengi walikuwa wafanyakazi wa nyumba, na sababu iliyoandikwa mara nyingi ni moyo kusimama. Wasichana wa miaka 20 na kitu, moyo umesimama! Mtu yeyote aliyewahi kuosha maiti ya ndugu yake anajua kuuliza maswali.

Shida ya huko ina jina: kafala. Mfanyakazi amefungwa kwa mwajiri mmoja. Akitoroka mateso, mwajiri humtangaza mtoro, na mtoro hukamatwa. Saudi Arabia ilipolegeza kanuni hizo Machi 2021, wafanyakazi wa nyumba waliachwa nje.

Je, kuna mahali kafala imewahi kutikiswa na chombo cha kimataifa? Ndiyo, Qatar. Juni 2014 wajumbe wa wafanyakazi katika mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani, yaani ILO, waliishtaki Qatar kwa kazi ya kulazimishwa. Qatar ilikuwa ikijenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022 na haikutaka aibu. Shauri lilifungwa Novemba 2017 baada ya Qatar kukubali mabadiliko. Mwaka 2020 mfanyakazi aliruhusiwa kubadilisha kazi bila barua ya mwajiri, na Machi 2021 ukaanza mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi kwa wote, wa nyumba pia. Kutekeleza ni jambo jingine. Wengi bado walidhulumiwa mishahara. Lakini sheria ilibadilika, na isingebadilika bila shauri lile.

Angalieni jambo moja. Katika ILO mtu binafsi hana kiti. Wanaokaa pale ni serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo binti anayekwenda Ghuba, au mama yake, aijue KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumba na mahoteli hapa Kenya. Kenya iliridhia mikataba ya ILO juu ya wafanyakazi wahamiaji mwaka 1965 na 1979, na chama kinaweza kuuliza kama serikali inaitimiza. Juni 2024 shirikisho la dunia la vyama vya wafanyakazi wa ujenzi na mbao liliipeleka Saudi Arabia ILO. Desemba mwaka huo huo nchi hiyo ikapewa Kombe la Dunia la 2034. Mnaona wenyewe kwamba muda wa kusukuma upo.

Tahadhari lakini. Mkenya Malcolm Bidali alikuwa mlinzi Qatar, akaandika kwa jina la bandia juu ya maisha ya wafanyakazi kule. Mei 2021 akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riali 25,000. Kwa hiyo, msichana akiwa bado ndani ya nyumba ya mwajiri, msisambaze jina lake wala picha yake kwenye simu za kila mtu, hata kama mnalia kwa uchungu. Kama inawezekana kumfikia, yeye mwenyewe akubali kwanza. Kama hafikiki, mzazi aandike, na aombe jina lifichwe.

FAILI LA KIKUNDI

Kinachoua kesi zetu nyingi ni kukosa karatasi. Sheria ya kazi ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje upitishwe kwa afisa wa leba. Basi kabla ya safari, kikundi kinachokopesha nauli kidai kopi ya mkataba uliopitishwa, kopi ya pasipoti, na namba ya leseni ya ajenti kama ilivyo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Bila hizo tatu msitoe mkopo. Najua itawaudhi wengine, na msichana atasema mnamchelewesha. Acheni aseme.

Baada ya safari, katibu aweke daftari. Tarehe aliyofika, jina la mwajiri, mji, namba za simu, tarehe mshahara uliingia na kiasi gani. Risiti za M-Pesa zitolewe kopi, kwa sababu simu hupotea. Akituma ujumbe wa sauti akilia, usifute. Mambo yakiharibika, andikeni siku hiyo hiyo, kwa maneno yake, bila kuongeza chumvi. Nendeni polisi mpate namba ya OB. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya biashara ya watu inamhusu ajenti pia, si tajiri wa Riyadh peke yake. Andikieni ubalozi na mweke kopi yenye mhuri au tarehe. Wasipojibu, hilo nalo liandikeni na tarehe yake, maana ndilo litakaloonyesha baadaye kwamba mlibisha nyumbani kwanza.

Kwa barua ya Geneva au Banjul msiandike peke yenu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ina ofisi Kisumu mjini, na FIDA pia, ambao ni wanasheria wanawake. Kwa mambo ya wakimbizi kuna Kituo Cha Sheria na Refugee Consortium, Nairobi. Mkienda, nendeni wawili, mzazi na katibu, na mbebe kopi. Karatasi za asili zibaki nyumbani, juu kabisa kwenye dari, mbali na mafuriko ya Nyando.